Mvuke na Moshi

Gando ni kijiji kilichoko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Wete. Upande mmoja iko bahari pamoja na miti ya mikoko, na upande mwingine yako mashamba ya mikarafuu, minazi na mihogo. Fikiri kwamba umeamka huko alfajiri katika mwezi wa Julai, wakati pepo za kusi zinapovuma na mvua ndogo imenyesha usiku. Unapotoka nje unaona vitu vyeupe vikipanda hewani mahali pengi. Juu ya paa la jiko la jirani, kitu cheupe kinapenya katika makuti. Kwenye mdomo wa birika la chai kipo kitu cheupe. Juu ya bonde la mpunga umetanda ukungu mweupe. Ndani ya nyumba, bibi ametia udi katika chetezo, na hapo pia kinapanda kitu cheupe.

Watu wengi huvitazama vitu hivi na kusema neno moja tu: "Moshi!" Je, vyote ni moshi? Kama si moshi, ni nini? Mbona vingine hutoweka upesi, na vingine huacha harufu na weusi?

Katika somo hili utajifunza kutofautisha mvuke, ukungu na moshi. Elimu hii si ya kujibia maswali ya mtihani tu. Mtu asiyeijua tofauti hii huweza kuungua mkono mahali anapodhani kuwa hapana kitu. Huweza pia kulala katika chumba chenye sumu, akidhani kuwa hewa yake ni safi kwa sababu haoni moshi.

JARIBIO LA 1: BIRIKA LINALOCHEMKA

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu au mtu mzima.

Vifaa: birika lenye mdomo mwembamba, maji safi, jiko lenye moto usio na moshi mwingi, na kijiko kikubwa cha chuma chenye mpini mrefu.

Namna ya kufanya: Tia maji katika birika mpaka nusu. Funika, kisha liweke juu ya jiko. Ngoja mpaka maji yachemke kwa nguvu. Simama kando, wala usiinamie birika. Tazama kwa makini mdomo wake.

Unaona nini? Hapana shaka unaona wingu jeupe. Tazama tena. Je, wingu hilo linaanzia mdomoni hasa? La, halianzii hapo. Kati ya mdomo wa birika na wingu pana nafasi ndogo, pengine kama upana wa kidole kimoja au viwili, ambapo huoni kitu chochote. Kisha baada ya nafasi hiyo ndipo wingu linapoanza. Fuata wingu kwa macho mpaka juu. Utaona kwamba halifiki mbali. Linapungua, linakatika, na mwisho linatoweka kabisa.

Sasa mwalimu ashike kijiko kikavu na baridi kwa kitambaa kinene, akiweke kwa muda mfupi katika ile nafasi isiyoonekana kitu. Akitoe mkitazame. Kijiko kimelowa! Maji yamekusanyika juu yake, na baadhi yanadondoka. Basi ile nafasi tuliyodhani kuwa ni tupu ilikuwa imejaa maji. Lakini maji hayo hayakuonekana kwa macho.

MVUKE HAUONEKANI

Umekwisha kujifunza kwamba maji yana hali tatu. Yakiwa barafu ni magumu. Yakiwa katika mtungi ni ya majimaji. Yakipata joto la kutosha hugeuka kuwa gesi, na gesi hiyo huitwa mvuke. Tendo la maji kugeuka kuwa mvuke huitwa mvukizo. Kwenye usawa wa bahari, kama pale Gando, maji huchemka yanapofikia joto la nyuzi 100 za Sentigredi.

Katika mvuke, chembe za maji zimetawanyika mbalimbali, kila moja peke yake. Ni ndogo mno, hata jicho haliwezi kuziona. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke wa nyuzi 100, hujaza nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Kwa hiyo mvuke wa kweli hauna rangi, wala hauonekani, sawasawa na hewa unayoivuta.

Ushahidi wa jambo hili uko kila mahali katika Pemba wakati wa mavuno ya karafuu. Wakulima huchuma karafuu mbichi, huzichambua na kuzianika juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Kilo tatu za karafuu mbichi zikikauka hubaki karibu kilo moja tu. Kilo mbili zilizopungua ni maji. Maji hayo yamekwenda wapi? Yamegeuka kuwa mvuke na kuingia hewani. Lakini je, umewahi kuona wingu jeupe likipanda kutoka katika jamvi la karafuu wakati wa jua kali? Hujapata kuliona. Lita mbili za maji zimeondoka mbele ya macho yetu, na hatukuona kitu.

Basi lile wingu jeupe la birika ni nini? Mvuke unapotoka katika birika hukutana na hewa iliyo baridi kuliko wenyewe. Hupoa, na chembe zake hushikamana na kuwa matone madogo sana ya maji. Tendo la mvuke kugeuka tena kuwa maji huitwa mtonesho. Matone hayo ni mepesi, kwa hiyo huelea hewani badala ya kuanguka. Wingu unaloliona ni mkusanyiko wa matone hayo. Si mvuke tena, bali ni maji. Tutaliita ukungu. Ukungu wa bondeni na mawingu ya angani pia ni matone ya namna hii.

Huenda ukauliza: "Maji hayana rangi. Mbona matone yake ni meupe?" Nenda ufukweni ukachote maji ya bahari kwa viganja. Hayana rangi. Lakini tazama povu la wimbi linapovunjika, ni jeupe pe! Maji ni yale yale. Katika povu, maji yamegawanyika kuwa viputo vingi, na mwanga wa jua unapovipiga hutawanyika kila upande. Mwanga uliotawanyika hivyo huonekana mweupe machoni mwetu. Vivyo hivyo ndivyo yanavyofanya matone ya ukungu.

KWA NINI UKUNGU HUTOWEKA?

Tuliona kwamba wingu la birika halifiki mbali. Matone yake hugeuka tena kuwa mvuke na kuchanganyika na hewa. Lakini si kila wakati hewa huweza kupokea mvuke mwingi. Hewa ya joto hupokea mwingi, na hewa ya baridi hupokea kidogo.

Fikiri sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Hewa iliyomo ndani yake huweza kuchukua mvuke usiozidi kiasi hiki:

Joto la nyuzi 30: karibu gramu 30.
Joto la nyuzi 20: karibu gramu 17.
Joto la nyuzi 10: karibu gramu 9.
Joto la nyuzi 0: karibu gramu 5.

Kiasi kikizidi hapo, mvuke uliozidi hugeuka kuwa matone, na ukungu huonekana.

Sasa tunaweza kueleza mambo mengi. Pumzi yako ina mvuke mwingi. Ukiwa Gando, ambako hewa ni ya joto, hewa huupokea mvuke huo wote, na huoni kitu mbele ya mdomo wako. Lakini mtoto anayekwenda shule asubuhi ya mwezi wa Julai huko Njombe, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huona wingu jeupe kila anapotoa pumzi. Mtoto huyo havuti tumbaku! Mvuke wa pumzi yake umekutana na hewa baridi isiyoweza kuupokea.

Vilevile utaona kwamba wingu la birika lile lile hudumu zaidi alfajiri ya baridi baada ya mvua kuliko mchana wa jua kali. Alfajiri hewa ni ya baridi, na imekwisha kujaa mvuke. Mchana hewa ina nafasi kubwa ya kupokea mwingine.

JARIBIO LA 2: MAJI KUTOKA KATIKA MOTO

Jaribio hili litakushangaza. Watu husema kwamba maji na moto ni maadui. Je, moto unaweza kuzaa maji?

Vifaa: kandili yenye chemni safi, mafuta ya taa, kiberiti, na kitambaa kikavu.

Namna ya kufanya: Futa chemni kwa kitambaa mpaka ing'are na iwe kavu kabisa. Shika chemni juu ya kandili ambayo haijawashwa, uhesabu mpaka kumi. Je, chemni imepata ukungu? Haikupata. Sasa mwalimu awashe utambi, apunguze moto uwe mdogo, kisha arudishe chemni mahali pake. Tazama kioo mara hiyo hiyo. Usichelewe!

Unaona nini? Kioo kinafanya ukungu mwembamba kwa ndani. Baada ya muda mfupi ukungu huo unaondoka, na kioo kinang'aa tena.

Maelezo: Kioo kilikuwa kikavu, na hewa peke yake haikukitia ukungu. Kwa hiyo maji yale yametoka katika moto. Mafuta ya taa yana elementi mbili kubwa, yaani kaboni na haidrojeni. Yanapoungua, haidrojeni huungana na oksijeni ya hewa na kuwa maji, na kaboni huungana na oksijeni na kuwa gesi ya kaboni dioksaidi. Kwa sababu ya joto la moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke, na kwa hiyo hayaonekani. Kioo kilipokuwa baridi, mvuke ulitonesha juu yake. Kioo kilipopata joto, maji yaligeuka tena kuwa mvuke na kwenda zake.

Si maji machache. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua yote hutoa karibu lita moja ya maji. Kama nyumbani kwenu mnapikia gesi, angalia sufuria yenye maji baridi mara tu inapowekwa juu ya moto. Kwa nje, upande wa chini, hutoka jasho. Wengine hudhani kwamba sufuria inavuja. Haivuji. Jasho hilo ni maji yaliyozaliwa na moto wa gesi.

DOHANI ZA NCHI ZA BARIDI

Dohani ni bomba la kutolea moshi kutoka katika jiko, mtambo au meli. Nyumba zetu za pwani hazihitaji kupashwa joto, bali sisi hutafuta upepo wa kutupoza. Lakini katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba isiyopashwa joto wakati wa Januari haikaliki. Nyumba nyingi za huko zina mtambo unaounguza gesi na kuchemsha maji. Maji ya moto hupita katika mabomba na kutia joto vyumba vyote. Hewa iliyotumika katika moto hutolewa nje kwa dohani ndogo iliyoko ukutani au juu ya paa.

Mtu aliyetoka Pemba akafika London wakati wa baridi huweza kushtuka aonapo wingu jeupe likitoka katika ukuta wa nyumba. Huenda akapiga kelele, "Nyumba inaungua!" Lakini wewe uliyetazama chemni ya kandili unajua sababu. Kilo moja ya gesi hiyo ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za maji, kwa sababu oksijeni ya hewa imeungana na haidrojeni iliyomo katika gesi. Maji hayo hutoka katika dohani yakiwa mvuke. Nje baridi ni kali, kwa hiyo mvuke hutonesha mara moja, na ukungu huonekana. Siku ya joto mtambo ule ule hutoa ukungu mdogo, au hauonekani kabisa.

Tangu mwaka 2005, sheria za ujenzi za England zimetaka mitambo mipya ya gesi, isipokuwa michache, iwe ya aina inayopoza mvuke ndani yake kabla ya kuutoa nje. Mvuke unapotonesha huachia joto lake, na joto hilo hutumika kupasha maji ya nyumba badala ya kupotea. Hewa inayotoka imekwisha kupoa sana, na mvuke uliobaki ndani yake hugeuka ukungu upesi inapofika nje. Kwa hiyo mtambo wa aina hii huonyesha wingu jeupe zaidi, ingawa unapoteza joto kidogo kuliko mitambo ya zamani.

MVUKE UNAOFANYA KAZI PEMBA

Hatuna haja ya kwenda Ulaya ili tuone mvuke ukitumiwa. Huko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Watu wa Pemba hukiita Kiwanda cha Makonyo. Makonyo ni vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Zamani mtu aliweza kuyadhania kuwa ni takataka, lakini yana mafuta yenye thamani. Kiwanda hicho hukamua mafuta kutoka katika makonyo, na pia kutoka katika majani kama ya mchaichai.

Mafuta hayo hayakamuliwi kwa kusagwa, bali kwa mvuke. Kwanza maji huchemshwa. Mvuke wake hupitishwa katika chombo kikubwa kilichojazwa makonyo. Joto huyafanya mafuta yageuke kuwa gesi na kutoka pamoja na mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, yakiwa peke yake, huchemka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250. Lakini yanapochanganyika na mvuke, huondoka kwenye joto lisilofika nyuzi 100. Kisha mchanganyiko huo hupita katika mabomba yanayopozwa kwa maji baridi. Hapo mvuke na mafuta hutonesha na kuingia katika chombo cha kupokelea. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama chini, na maji hukaa juu. Ndipo yanapotengwa.

Ukisimama nje ya kiwanda cha namna hii, usiseme tu "moshi" kila uonapo kitu cheupe. Kinachotoka katika dohani ya tanuri ni moshi wa moto pamoja na mvuke. Kinachofuka kutoka katika mabomba ya mvuke ni ukungu wa maji, na huenda kikawa na harufu nzuri ya karafuu.

MOSHI NI NINI?

Moshi si maji peke yake. Moshi una vipande vidogo sana vya vitu ambavyo havikuungua vizuri: masizi, majivu na matone ya lami. Pamoja navyo zimo gesi nyingi zisizoonekana. Moshi hutoka kwa wingi moto unapokosa hewa ya kutosha, au kuni zinapokuwa mbichi.

Nusu ya uzito wa ukuni mbichi huweza kuwa maji. Unapoutia motoni, joto jingi hutumika kwanza kuyafukuza maji hayo. Moto hubaki baridi, na ukuni hautoi ndimi bali hufuka. Wingu zito jeupe linalotoka hapo ni mchanganyiko wa ukungu wa maji na moshi. Ndiyo maana linachoma macho. Kuni zilizokaa juani, vifuu na makumbi makavu hutoa moshi mchache zaidi na huivisha chakula mapema.

Utajuaje kwamba kitu cheupe unachokiona ni ukungu wa maji au ni moshi? Tumia njia hizi nne:

1. Tazama mwanzo wake. Ukungu wa birika huanza baada ya nafasi isiyoonekana kitu. Moshi huonekana tangu pale unapotoka.

2. Tazama mwisho wake. Ukungu hukatika na kutoweka. Moshi hauishi hivyo, bali huenea na kuwa mwembamba, ukafika mbali.

3. Tumia pua. Ukungu wa maji matupu hauna harufu. Moshi una harufu, nayo hubaki katika nguo. Moshi wa udi wa bibi hutoweka machoni, lakini harufu yake hukaa katika kanga hata siku ya pili.

4. Tumia sahani baridi. Mwalimu apitishe sahani nyeupe katika kitu hicho. Ukungu huacha maji safi. Moshi huacha weusi au unjano.

HATARI ZA VITU VISIVYOONEKANA

Sasa soma kwa makini zaidi, kwa maana sehemu hii huweza kuokoa maisha yako na ya ndugu zako.

Hatari ya kwanza ni mvuke. Watoto wengi huogopa lile wingu jeupe, lakini mahali penye hatari zaidi ni ile nafasi ya karibu na mdomo wa birika ambapo hakuonekani kitu. Gramu moja ya mvuke inapotonesha juu ya ngozi huachia kalori 540. Gramu moja ya maji yaliyochemka ikipoa mpaka joto la nyuzi 40 huachia kalori 60 tu. Ndiyo sababu mvuke huunguza vibaya. Unapofunua sufuria, inua kwanza upande wa kifuniko ulio mbali nawe, ili mvuke utokee huko. Mtu akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi, yanayotiririka polepole, kwa muda wa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, apelekwe kituo cha afya upesi.

Hatari ya pili ni moshi wa jikoni. Vipande vyake ni vidogo hata huingia ndani kabisa ya mapafu. Mama anayepika, na mtoto aliyebebwa mgongoni, huuvuta kila siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyotokana na hewa chafu ya moto wa majumbani. Jiko liwe na madirisha yanayopitisha hewa, au dohani. Kuni zikaushwe. Mtoto mchanga asiwekwe karibu na moto wenye moshi.

Hatari ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo haionekani kabisa. Siku za mvua ya masika watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani ili kukausha nguo, au kumpasha joto mama aliyejifungua pamoja na mtoto wake. Makaa yakikolea huwa mekundu, wala hayatoi moshi. Mtu husema, "Moshi umekwisha, sasa tunaweza kufunga mlango." Hilo ni kosa la kuua! Makaa hayo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inapoingia katika damu hushika mahali pa oksijeni, na mwili hukosa oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito humshika. Asipotolewa nje mapema, haamki tena.

Usilale kamwe katika chumba chenye jiko la makaa linalowaka. Ukimkuta mtu amezidiwa katika chumba cha namna hiyo, ita watu, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali mara moja. Wewe mwenyewe usikae ndani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mvuke ni maji katika hali ya gesi. Hauonekani.

Ukungu ni matone madogo ya maji yaliyotokana na mvuke uliopoa. Huonekana mweupe, na hutoweka hewa inapoweza kuupokea.

Moshi ni vipande vidogo vya vitu visivyoungua vizuri, pamoja na gesi. Huacha harufu na masizi.

Mafuta, gesi na kuni zinapoungua hutoa mvuke wa maji.

Mahali pasipoonekana moshi huenda pakawa na gesi yenye sumu. Macho peke yake hayatoshi kutuambia kwamba hewa ni salama.

ZOEZI

1. Taja hali tatu za maji. Mvuke ni hali ipi?

2. Eleza kwa nini huoni kitu karibu na mdomo wa birika linalochemka, na kwa nini wingu huonekana mbele kidogo.

3. Mkulima ameanika kilo 6 za karafuu mbichi. Zikikauka atapata karibu kilo ngapi? Maji yaliyopungua yamekwenda wapi?

4. Mtoto wa Njombe huona pumzi yake asubuhi ya Julai, na mtoto wa Gando haioni. Eleza sababu.

5. Kwa nini chemni baridi hufanya ukungu kandili inapowashwa? Kwa nini ukungu huo huondoka baadaye?

6. Katika Kiwanda cha Makonyo, ni tendo gani hufanyika katika mabomba yanayopozwa kwa maji: mvukizo au mtonesho?

7. Jirani yako anasema, "Makaa haya hayana moshi, basi hayana madhara." Andika maneno utakayomwambia, kwa heshima, ili abadili shauri lake.

8. Kazi ya nyumbani: Kesho alfajiri tazama vitu vyeupe vinavyopanda hewani mahali unapokaa. Andika katika daftari lako vilivyo ukungu, vilivyo moshi, na vilivyo mchanganyiko. Kwa kila kimoja, andika umejuaje.